Maswali ya wasomaji: Kiajemi cha vitambaa kinaanzia kwenye vidole

Toleo lililopita tuligusia kidogo habari ya Kiajemi cha sokoni, maneno matatu manne tu ya vitambaa, na tangu hapo meseji zimemiminika, nyingi kutoka kwa mafundi cherehani na akinamama wa maduka ya vitambaa. Basi leo ukurasa mzima ni wenu. Maneno ya Kiajemi nimeyaandika kwa herufi zetu, na kila penye "aa" vuta sauti ndefu, na "kh" itamke kama wazee wanavyosema kheri, ya kooni kabisa.

Shikamoo dada. Mimi ni fundi cherehani niko Tanga, nashona madera na suti za kike. Kuna duka Deira kule Dubai nachukua mzigo kupitia kwa dada yangu na mwenye duka ni Muirani, tunaongea kwa voisi noti, Kiingereza chake kidogo na changu ndo hicho hicho. Nataka nijifunze majina ya vitambaa kwa Kiajemi, nianze na yapi?

Marahaba mdogo wangu. Nitakujibu kinyume kidogo na ulivyouliza: usianze na majina. Anza na maneno ya jinsi kitambaa kinavyokuwa mkononi, maana jina la kitambaa muuzaji atakuonyesha mwenyewe kwenye picha, ila ulaini na uzito picha haionyeshi, na hapo ndo mafundi wengi wanapokea mzigo wakaishia kulia. Satini zenyewe tu ziko za kila aina, moja inaanguka vizuri mwilini nyingine imekakamaa kama boksi, na zote jina ni moja, "saatan".

Kwa hiyo neno la kwanza ni "paarche", yaani kitambaa, na la pili ni "jens", yaani kimetengenezwa na nini. Ukisema "jensesh chie?" umeuliza hiki ni kitambaa cha nini, na hilo swali ulishike kabla ya kitu kingine chochote. Halafu ndo unaingia kwenye vidole. "Narm" ni laini, "zebr" ni kinachokwaruza. "Naazok" ni chembamba, na kinene kuna "zakhim" na "koloft", la pili ndo utalisikia zaidi mtaani. "Sabok" chepesi, "sangin" kizito. "Barraagh" kinang'aa, "maat" hakina mng'ao. "Liz" kinateleza, na hicho wewe fundi unakijua, ndo kile kinachokimbia chini ya mguu wa cherehani. "Seft" kimekaza. Na kuna neno moja ambalo kwa anayeshona madera lina thamani kuliko yote, "lakht", ni kitambaa ambacho ukikishika pembe moja ukakiachia kinaanguka chenyewe moja kwa moja bila kusimama simama. Hilo hilo Wairani wanalitumia kwa nywele zilizonyooka zikalala. Mwambie huyo bwana "lakht baashe", iwe lakht, atakuelewa mara moja.

Namna ya kujifunza: wewe una kitu ambacho mwanafunzi wa chuo hana, una vibaki vya vitambaa chini ya meza. Chukua daftari, gundisha kipande kwa pembe moja tu ili upande wa pili ubaki huru wa kushika, andika chini yake jina moja na sifa mbili. Mfano kipande cha bitana ya suti unaandika "aastar", ndo bitana kwa Kiajemi, afu "liz" na "sabok". Kila ukifungua daftari shika kwanza, sema kwa sauti, ndo uangalie maandishi. Vya kufanana viweke ukurasa mmoja, krepu na satini pamoja, maana utofauti unaonekana vikiwa vimelala jirani.

Na sarufi isikutishe kabisa. Kiajemi hakina ngeli, hakina kike na kiume, na sifa inakuja nyuma ya jina kama kwetu. Kitambaa laini ni "paarche-ye narm". Hako ka "-ye" (baada ya konsonanti ni "-e") ndo kanaunganisha, na unaweza kuyafunga mengi: "paarche-ye nakhi-ye sefid-e naazok", kitambaa cha pamba cheupe chembamba. Mpangilio ule ule wa Kiswahili! Wenzetu wanaojifunza kutokea Kiingereza wanahangaika kugeuza maneno, wewe unateremka nayo tu. Laini zaidi ni "narmtar", kwa hiyo "narmtar nadaarin?" ni huna laini zaidi ya hiki.

Jambo moja la mwisho kwako. Waajemi wengi wa maduka ya Ghuba wametokea kusini mwa Iran, pande za Lar na Bastak, na nyumbani kwao wana lugha zao, wakiongea wenyewe kwa wenyewe usishangae usipopata hata neno, ila Kiajemi cha kawaida wanakijua. Na ukivuka maji ukaenda lile soko la vitambaa la Bur Dubai, kule wauzaji wengi ni Wahindi, usiwaanzie na Kiajemi.

Dada habari, niko Mombasa, nimesoma madrasa na herufi za Kiarabu nazijua vizuri. Je hiyo inanisaidia kusoma Kiajemi kwenye lebo za nguo?

Inakusaidia sana. Waajemi waliongeza herufi nne ambazo Kiarabu hakina, za kutamkia p, ch, g na zh, na neno "paarche" lenyewe پارچه lina mbili kati ya hizo, pe yenye vitone vitatu chini na che yenye vitatu tumboni. Ukiweza kusoma hilo neno moja ushavuka nusu ya mto.

Utakachopaswa kubadilisha ni ulimi. Muirani hatofautishi herufi zile ulizochapwa nazo madrasa: sin, swad na tha zote kwake ni s, na zal, dhad na dha zote ni z. Ndo maana ضخیم wewe utasoma dhakhim ye anasema "zakhim", na عرض, upana, anasema "arz". Usimsahihishe, ndo lugha yake. Na vokali fupi haziandikwi, kwa hiyo نخ usiijue kwa macho tu, isikie kwanza: "nakh", uzi.

Kwa lebo za nguo tafuta نخ au پنبه kwa pamba, پشم kwa sufu, پلی‌استر kwa poliesta. Hayo matatu unayakuta kila kona.

Asalaam alaykum dada. Mimi mama wa Zanzibar, binti yangu anaolewa na kuna mtu wetu anakwenda Tehran, nataka nimwagize hariri ya nguo ya arusi. Nasikia kwao pia wanasema harir. Nimuandikie hivo hivo?

Waalaykum salaam mama, na arusi iwe ya kheri. Hapana, tafadhali usimuandikie hivo! Nimefurahi umeuliza kabla hajaondoka.

Hariri yetu ni ile inayotoka kwa nondo, na sisi tumeipata kutoka Kiarabu. Kwenye maduka ya Iran ya leo ukisema "paarche-ye harir" unaletewa kitambaa chembamba chenye kuonyesha upande wa pili, jamii ya shifoni, na mara nyingi ni poliesta. Muuzaji hajakudanganya, kwake hiyo ndo harir. Unayoitaka wewe inaitwa "abrisham", na ili pasiwe na mjadala muandikie "abrisham-e tabi'i", hariri ya asili, na kinyume chake ni "masnu'i", ya kiwandani. Kikiwa kimefumwa kwa hariri unasema "abrishami".

Hiyo "-i" ya mwisho mama ikamate, inafanya kazi kwa vitambaa vyote: "pashm" ni sufu na "pashmi" ni cha sufu, "charm" ni ngozi na "charmi" ni cha ngozi, "makhmal" ni mahameli na "makhmali" ni cha mahameli. Pamba ndo inakwenda kombo kidogo, yenyewe ni "pambe" (wanaandika panbe wanatamka pambe) lakini nguo ya pamba watu wanaiita "nakhi", ya uzi. Ukisema nakhi Iran hakuna atakayeuliza uzi gani.

Wapo ndugu wengine wa namna hii wanaofanana sura tabia mbalimbali. "Kataan" ni kitani kweli, lakini suruali wanayoiita "shalvaar-e kataan" mara nyingi ni ya pamba nzito ya kusokota, ile tunayoita kaki. "Shaal" ndo shali, ila kwao ni mtandio wa kichwani wa kila siku. Na jinzi wanaiita "jin" au wengine "li", kutoka jina la ile kampuni ya Lee.

Sasa na huyo mtu wako akishafika dukani mwambie aombe nyuzi mbili tatu za pembeni azichome kwa kiberiti, wauzaji wa hariri wamezoea. Hariri halisi inanuka nywele zilizoungua na majivu yake ukiyasugua yanakuwa unga. Poliesta inayeyuka, inajikunja inafanya kidonge kigumu cheusi ambacho hakivunjiki kwa vidole. Pamba inanuka karatasi iliyoungua. Hapo hata asipojua neno lolote la Kiajemi pua imeshamtafsiria.

Mambo vipi, niko Nairobi, kuna jamaa aliniambia pamba ni neno la Kiajemi na Waswahili wamelichukua. Ni kweli ama ni story tu? Na yako mengine?

Poa kabisa. Ni kweli, na yapo, ila mengi hayakuja moja kwa moja kutoka Iran, mengine yalipitia Uarabuni na mengine Bara Hindi kwenye majahazi, nguo zikitembea na majina yake. Pamba na "pambe" umeshaziona. "Bafta", ile nguo nyeupe nyepesi ya pamba ambayo bibi zetu waliijua, ni "baafte", iliyofumwa, na leo Waajemi wana "baaft" ambayo ndo ufumaji wenyewe na pia jinsi kitambaa kilivyo usoni ukikigusa. Suruali na "shalvaar" ni ukoo mmoja. Rangi ni "rang". Zari, ule uzi wa dhahabu kwenye majoho, inatokana na "zar", dhahabu, na kudarizi kunahusiana na "darzi", jina la zamani la fundi wa nguo, ingawa leo Tehran fundi ni "khayyaat" na ukimwita darzi atajua umesoma mashairi ya kale.

Sasa angalia kitu kizuri hapa. Sisi tunasema pambA, baftA, na Muirani wa leo anasema pambE, baaftE. Kiajemi cha zamani kilikuwa kinaishia na "a", Iran ndo wakabadilisha baadaye, na Kabul mpaka leo wanasema "pamba" na "baafta". Yaani Mswahili na Mwafghani wameibeba sauti ile ya zamani ambayo Tehran imeshapotea. Mi hii nikiifikiria huwa naisikia raha sana.

Ila kujifunza kwa kutegemea haya peke yake haitoshi, yatakupa moyo wa kuanza tu, afu kuna akina harir kama ulivyoona hapo juu.

Dada, kumbe hata Afghanistan ni Kiajemi? Mi niko Toronto, jirani yangu ni mama wa Kiafghani anashona vizuri mno na tunataka kuelewana. Maneno uliyoandika yatafanya kazi kwake?

Mengi yatafanya kazi, Kidari (ndo Kiajemi cha Afghanistan) na Kiajemi cha Iran wanaelewana, sauti tu zinacheza kama nilivyosema. Sema "paarcha" badala ya "paarche", na pamba utamsikia pia akisema "pakhta". Tajikistan nao ni hivo hivo, pakhta, na kule pamba ni zao kubwa la mashamba. Wao wanaandika kwa herufi za Kirusi, na wana vitambaa vyao vya rangi kali zinazoingiliana, "atlas" ya hariri na "adras" ya hariri na pamba, pamoja na nguo za kudarizi maua makubwa ziitwazo chakan ambazo UNESCO waliziingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2018. Muulize huyo mama kuhusu darizi za kwao akuonyeshe kwa mikono, mtakaa mpaka usiku.

Salaam dada, naandika kutoka Muscat. Nampeleka mama Shiraz kwa matibabu kama watu wengi wa huku, na siku tukipata nafasi tutapita sokoni kununua vitambaa. Nipe sentensi za kununulia, siyo maneno matupu.

Mungu ampe mama afya. Soko lenu basi ni Baazaar-e Vakil, lilijengwa na Karim Khan Zand, mtawala wa Iran wa wakati huo, karne ya 18, matofali na madari ya matao juu kwa hiyo hata jua la mchana mama hatochoka, na ndani mtakuta vile vitambaa vinavyometameta vya wanawake wa Kiqashqai, kabila la pande hizo, vimejaa "pulak", zile puleki za kung'aa.

Ukiingia msalimie mwenye duka "salaam aaghaa", mwanamke "salaam khaanum". Kabla hujashika kitambaa kilichokunjwa uliza "mitunam dast bezanam?", naweza kugusa. Halafu:

"Metri chande?" Mita shilingi ngapi.
"Arzesh chande?" Upana wake ngapi. Hili usiliruke, kitambaa cha upana mdogo kinakula mita nyingi na bei ya rahisi inageuka ghali.
"Aab mire?" Kinarudi kikifuliwa? Neno kwa neno ni kinakwenda maji.
"Rang pas mide?" Kinachuja?
"Choruk mishe?" Kinajikunja? "Kesh miaad?" Kinavutika?
"Aastar mikhaad?" Kinataka bitana? Na kama una wasiwasi wa kuonyesha mwili: "badan namaa nist?"
"Do metr-o nim bedin." Nipe mita mbili na nusu.

Kwa mauamaua ni "goldaar", mistari "raah-raah", madrafti "chahaarkhaane", vidoti "khaalkhaali", na kisicho na kitu "saade".

Bei hapo ina mambo mawili. Pesa rasmi ni riali lakini watu wanataja toman, na toman moja ni riali 10, kwa hiyo noti ukiangalia ina sifuri moja zaidi ya alichosema, uliza "toman?" kabla ya kuhesabu. La pili, ukiuliza bei anaweza kukujibu "ghaabel nadaare", kwamba si kitu mbele yako. Hiyo ni heshima yao, haina maana unapewa bure! Jibu "khaahesh mikonam", uliza tena kwa upole, atakutajia. Mtu wa pwani au wa Oman hili halimpi shida, sisi wenyewe tunakaribishana chakula kwa namna hiyo hiyo.

Dada mimi niko Arusha nauza mapambo ya nyumba, wageni wananiuliza vitambaa vya meza vya Kiajemi, naona majina termeh na qalamkaar. Tofauti ni nini?

Moja inafumwa nyingine inapigwa chapa, na ukijua hilo hutouziwa moja kwa bei ya nyingine.

"Termeh" ni ya Yazd zaidi, inafumwa kwa sufu na hariri (siku hizi zipo nyingi za nyuzi za kiwandani, kwa hiyo lile swali la jensesh chie linarudi hapa), na nakshi iko ndani ya ufumaji. Geuza upande wa nyuma utaona nyuzi zimepita. Ukiigusa ni nene kidogo lakini haikwaruzi. Nakshi yake kubwa inaitwa "bote", ile yenye umbo la tone lililopinda kichwa, na wewe unaifahamu tangu utotoni, ndo korosho ya kwenye kanga! Umbo hilo lilizunguka na mashali ya Kashmir mpaka Ulaya, na kule mji wa Paisley, Scotland, wakalifuma wengi mpaka likaitwa kwa jina la mji wao.

"Qalamkaar" ni ya Isfahan, ni kitambaa cha pamba kinachopigwa chapa kwa mkono kwa vibao vilivyochongwa, mara nyingi mti wa mpeasi. Kila rangi ina kibao chake, nyeusi ndo inatangulia kuchora mipaka, zinafuata nyekundu, bluu na njano. Fundi anaweka kibao, anakipiga kwa ubavu wa mkono aliouzungushia kitambaa nene, anasogea hatua, anapiga tena, na ukikaa karibu na maduka ya uwanja wa Naqsh-e Jahan unasikia ile dugu dugu kabla hujaona kitu. Baadaye kinachemshwa rangi ishike na kufuliwa. Kagua kwa karibu mahali chapa mbili zinapokutana: ya mkono utaona mstari umepishana kidogo au rangi imevuka mpaka, ya mashine imenyooka kila mahali na inajirudia vile vile. Mgeni wako akikuuliza mwonyeshe hapo hapo kwenye hako kapengo, na ukinunua uliza "kaar-e daste?", ni kazi ya mkono, na upange bei zako kwa jibu hilo.